Gauni la 1952, Futikamba ya Leo

Mwaka 1952 kampuni ya Butterick ya New York iliingiza sokoni bahasha yenye namba 6015. Ndani yake mlikuwa na karatasi nyepesi zinazopitisha mwanga, zimekunjwa vizuri, pamoja na maelezo ya kushona gauni moja. Ahadi ilikuwa kwamba mwanamke aanze kazi baada ya kifungua kinywa, na ikifika saa ya chakula cha mchana awe amelivaa na kutoka nalo. Gauni likaitwa Walk-Away. Lilipendwa mno, hata inasimuliwa kwamba kampuni ililazimika kusimamisha pateni nyingine, yaani karatasi za mikato mingine, kwa muda ili mitambo ishughulike na hiyo moja. Zaidi ya miaka 70 baadaye bado kuna watu wanalishona, wengine kwa bahasha za zamani walizookota kwenye masanduku ya bibi zao, wengine kwa toleo jipya ambalo Butterick yenyewe ililirudisha sokoni.

Kasi ile ilitokana na mkato. Gauni halina mikono, halina kola, halina zipu, na ubavuni halijaungwa. Unaliingiza kichwani kama aproni. Sehemu ya mbele, ambayo ni nyembamba, inapitishwa nyuma na kufungwa kiunoni. Kisha sehemu ya nyuma, yenye sketi pana ya mwamvuli, inazungushwa kuja mbele na kufungwa kwa vifungo juu ya ile ya kwanza. Kingo zote zinamaliziwa kwa utepe wa kitambaa kilichokatwa mshazari. Utepe huo ndio unaokula saa, maana ni wa mita nyingi kuliko mtu anavyodhani akiangalia picha ya bahasha. Tangazo halikuona haja ya kuutaja.

Msomaji wa hapa ana haki ya kuuliza: kama kuna fundi kila kona, ya nini kuhangaika na karatasi za Wamarekani wa enzi hizo? Swali zuri, na ili kulijibu inabidi kwanza tumtazame huyo fundi wa kila kona.

Fundi wetu hahitaji karatasi. Ingia kibanda chochote cha ushonaji Magomeni au Darajani. Ukutani kuna mabango ya mishono ya vitenge, mezani kuna cherehani, Singer nyeusi au Butterfly, na shingoni mwa fundi inaning'inia futikamba. Anakupima mabega, kifua, kiuno, hipsi na urefu, anaandika namba kwenye kaunta buku, na ukishaondoka anakunja kitambaa na kuchora moja kwa moja juu yake kwa chaki au kwa kipande cha sabuni kilichokauka. Mkasi unafuata hapohapo. Pateni iko kichwani mwake, na vipimo ni vyako peke yako. Kasoro ya utaratibu huu kila mtu anaijua: mshono uliomwonyesha kwenye simu na ule utakaokabidhiwa Jumamosi jioni, harusi ikiwa imeshaanza, huenda isijuane kabisa.

Pateni ya kale inakwenda kinyume na hapo. Mshono umeshaamuliwa na mtu mwingine, mara nyingi aliyekwisha kufa, na umechorwa kwa ukubwa wake halisi: bega literemke kiasi gani, mkunjo wa kifua uelekee wapi, kiuno kikae juu au chini. Ukizitandaza karatasi hizo mezani unaweza kufuata mawazo yake kipande kwa kipande, na hapo ndipo utamu wa kazi hii ulipo, kwa sababu kuna mikato ya miaka ya 1930 na 1940 ambayo nguo za dukani ziliiacha zamani kwa kuwa inachosha kiwanda. Tatizo ni kwamba mtu huyo hakukupima. Alifuata vipimo vya mwanamke wa wastani wa kampuni yake, na wastani ule haukutuhesabu sisi. Kwa hiyo anayetaka kushona kwa pateni ya kale lazima abaki na tabia ya fundi wa Magomeni, ya kuamini futikamba kuliko maandishi. Asipokuwa nayo atapoteza kitambaa.

Biashara yenyewe ilianzia Massachusetts. Ellen Demorest wa New York alikuwa tayari anauza pateni za karatasi, lakini mnamo 1863 Ebenezer Butterick, fundi nguo wa mji mdogo wa Sterling, alifanya jambo ambalo halikuwa la kawaida: aliziuza katika saizi mbalimbali, zimekatwa tayari, mama achague ile inayomfaa. Inasimuliwa kwamba wazo lilitoka kwa mkewe, Ellen, aliyekuwa akisumbuka kurekebisha kipimo ili kumshonea mtoto. Walianza na mashati ya wanaume na nguo za wavulana, na mwaka uliofuata walikuwa na ofisi New York. Cherehani ya nyumbani ilikuwa imewatangulia. Singer alipata hataza yake mwaka 1851, na kabla ya muongo kuisha kampuni yake ilikuwa ikiuza cherehani kwa mkopo wa malipo ya kidogokidogo. Watu walikuwa na mashine na hawakuwa na mkato. Butterick akawaletea mkato.

Kuna jambo la Massachusetts linalotuhusu zaidi kuliko tunavyokumbuka. Kwa miongo kadhaa kabla ya 1863, wafanyabiashara wa Salem walikuwa wakileta Unguja shehena za pamba isiyopaushwa kutoka viwanda vya jimbo lao, hasa baada ya mkataba wa 1833 kati ya Marekani na Sayyid Said. Hiyo ndiyo merikani, iliyovaliwa na kutumika kama fedha kutoka pwani hadi Ujiji. Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, vilikata pamba, na soko la Unguja likachukuliwa na vitambaa vya Uingereza na India. Kwa maneno mengine, Butterick alikuwa anakata karatasi zake za kwanza katika jimbo lilelile ambalo wakati huohuo lilikuwa linapoteza wateja wake wa Zanzibar. Merikani tutairudia, kwa sababu bila hiyo gauni la kale halishoneki vizuri.

Baada ya Butterick walikuja wengine. James McCall, fundi kutoka Uskoti, alianza New York mwanzoni mwa miaka ya 1870. Jarida la Vogue lilianza kutoa pateni mwaka 1899, na kuanzia 1949 likauza pateni za wabunifu wa Paris kwa ruhusa yao, ili mwanamke wa Cleveland naye avae mkato wa Paris aliojishonea jikoni. Simplicity ilianzishwa 1927 kwa lengo moja: bei. Iliuza pateni kwa senti 15 wakati nyingine zilikuwa zinauzwa senti 25 hadi dola nzima. Ujerumani, Aenne Burda wa Offenburg alitoa jarida lake Januari 1950, na muda mfupi baadaye akaanza kuweka ndani yake karatasi kubwa ambayo pateni nyingi zimechapwa moja juu ya nyingine, mistari imepishana kama ramani ya mabomba ya jiji. Anayeitazama mara ya kwanza hupata kizunguzungu. Kufikia mwishoni mwa 2017 Butterick, McCall, Vogue na Simplicity zote zilikuwa mikononi mwa kampuni moja.

Ukipata pateni ya kabla ya Vita Vikuu vya Pili, usishangae ukiifungua ukakuta haina hata herufi moja iliyochapwa. Ni karatasi tupu yenye matundu. Tundu kubwa, tundu dogo, matundu matatu pamoja, kila moja lina maana yake: hapa weka kwenye mkunjo wa kitambaa, hapa fuata uzi wa kitambaa, hapa bana. Herufi za kutambulisha vipande nazo zimetobolewa. Kila kampuni ilikuwa na lugha yake ya matundu, hivyo karatasi ya maelezo ikipotea unabaki kubahatisha. McCall ilianza kuchapa mistari na maandishi mwanzoni mwa miaka ya 1920 ikalinda njia hiyo kwa hataza, na kwa miaka mingi washindani wake waliendelea kutoboa. Binafsi napenda zaidi zile zilizotobolewa, ingawa ni za taabu. Zinakulazimisha kufikiri kabla ya kushika mkasi.

Sasa tuje kwenye saizi, maana ndipo wengi wanapoumia.

Chukua mwanamke mwenye kifua cha inchi 36. Akinunua pateni mpya leo katika kampuni hizohizo ataelekezwa saizi 14. Bahasha ya mwaka 1952 inayomfaa kifuani imeandikwa 18. Kati ya hapo na sasa mwili wake haujafanya lolote. Ni kampuni zilizohamisha namba. Saizi 12 ya mwanzoni mwa miaka ya 1950 ilikuwa na kifua cha inchi 30. Katikati ya muongo huo ikawa 32. Mwaka 1968 ikawa 34, na bahasha za wakati huo zilitangaza kwa fahari kwamba saizi ni mpya. Sababu ilikuwa nguo za dukani: wanunuzi walikuwa wameshazoea namba ndogo za madukani na hawakupenda pateni iwaambie vingine. Kwa hiyo kwenye bahasha ya kale namba ya saizi ipuuze kabisa. Geuza nyuma, tafuta jedwali la kifua, kiuno na hipsi kwa inchi, na uanzie hapo. Bahati nzuri fundi wetu hajawahi kuacha inchi, kwa hiyo jedwali lile analisoma bila mkalimani.

Na mwanamke wa wastani wa wakati ule alikuwa nani? Kati ya 1939 na 1940 Wizara ya Kilimo ya Marekani iliwapima wanawake karibu 15,000, kila mmoja vipimo 59, ili kutafuta mwili wa kawaida wa Mmarekani. Kazi hiyo, iliyosimamiwa na Ruth O'Brien na William Shelton, ilichapishwa mwaka 1941 na baadaye ikawa msingi wa viwango vya saizi vya serikali vya 1958. Wanawake weusi na wengine wasio Wazungu hawakuhesabiwa katika matokeo. Sisemi hili kwa kulalamika, nalisema kwa sababu lina athari mezani. Saizi 18 ya 1952 ina kifua 36, kiuno 30, hipsi 39. Ni nani kati ya dada zangu, shangazi zangu na majirani zangu mwenye kifua 36 na hipsi 39? Wapo, lakini si wengi. Wenye 36 kwa 44 ndio wanaojaza daladala.

Basi chukulia hipsi 44. Pungufu ni inchi 5. Sketi ya vipande viwili ina mshono kila ubavu, na kila mshono una kingo mbili, yaani kingo nne. Gawanya 5 kwa 4, unapata inchi moja na robo kwa kila ukingo. Ongeza hiyo kwenye usawa wa hipsi, kisha uchore mstari unaopanda taratibu mpaka kiunoni ambako huongezi kitu. Hesabu hii fundi anaifanya kichwani huku anaongea na simu. Tofauti ni kwamba kwenye karatasi kazi inabaki, gauni la pili halihitaji hesabu tena.

Juu, kifuani, mambo ni magumu zaidi. Pateni za miaka ya 1950 zilichorwa kwa ajili ya sidiria za wakati ule zilizochongoka na kuinua kifua juu sana, pamoja na mkanda wa kubana tumbo na makalio. Ncha ya mkunjo wa kifua inaangukia mahali ambapo kifua cha leo hakipo. Vaa sidiria utakayoivalia gauni, pima kutoka bega hadi ncha ya kifua, kisha pima karatasi vivyo hivyo. Ikibidi teremsha mkunjo mzima. Zaidi ya yote, pima karatasi yenyewe, ukitoa sehemu inayoliwa na mshono, na ulinganishe na mwili wako. Tofauti ndiyo nafasi ya kupumua, na kila mbunifu alikuwa na mawazo yake kuhusu kupumua. Na angalia sehemu ya mshono nayo: pateni nyingi za Marekani za baadaye ziliachia inchi tano kwa nane, za zamani zaidi wakati mwingine kidogo kuliko hapo, na karatasi za Burda haziachi kitu.

Ndipo merikani inaporudi. Kabla ya kugusa kitenge cha thamani, kata gauni la majaribio kwa kitambaa cha bei ya chini, cheupe, kisichopaushwa. Ulaya wanatumia pamba ya namna hiyohiyo. Lishone kwa mishono mirefu inayofumuka kirahisi, livae, simama mbele ya kioo, mwite mtu mwenye ulimi mkali. Palipobana kata, papachike kiraka. Palipolegea bana kwa pini. Kila badiliko lirudishe kwenye karatasi. Watu wengi wanaruka hatua hii kwa kuona ni uharibifu wa kitambaa, ilhali gauni la Walk-Away linakula zaidi ya yadi 4. Uharibifu hasa ni kuzikata hizo bila kujaribu.

Katika pateni zote za kale, zinazonivutia kuliko nyingine ni za wakati wa vita. Uingereza ilianza mgawo wa nguo tarehe 1 Juni 1941, kila mtu akipewa kuponi 66 kwa mwaka wa kwanza. Gauni la sufu lilikuwa kuponi 11, la pamba 7. Mgawo ulidumu hadi Machi 1949. Marekani nako agizo la serikali lililojulikana kama L-85, la mwaka 1942, liliweka mipaka ya kitambaa: pindo na mkanda visizidi inchi 2, upana wa chini wa sketi upimwe. Baadhi ya bahasha za wakati huo zimeandikwa kabisa kwamba mkato unafuata agizo hilo. Kampuni ziliuza hata pateni za kugeuza suti ya mume aliyekwenda vitani kuwa suti ya mkewe, na nguo ya mtu mzima kuwa ya mtoto. Koti linafumuliwa, linafuliwa, linageuzwa upande wa ndani uje nje, kisha vipande vidogo vinapangwa pale ambapo kitambaa hakijachakaa.

Mtu aliyekulia kwenye mitumba ataelewa mara moja. Mama zetu waliyafanya hayohayo bila kuambiwa na wizara. Lakini namna wabunifu wa vita walivyopanga vipande, sketi ya paneli sita badala ya nne kwa sababu paneli nyembamba zinapangika vizuri kwenye kitambaa kidogo, hiyo ni elimu ambayo inafaa kufunuliwa upya. Fundi ninayepeleka kazi zangu Magomeni alipoona mpangilio wa pateni moja ya 1943 aliuzungusha mezani mara kadhaa, akacheka. "Dada, huyu mtu alikuwa bahili kweli," akasema. Kisha akachukua chaki akaunakili.

Christian Dior alipoonyesha mavazi yake ya kwanza Paris, Februari 1947, sketi zikafunguka tena, yadi juu ya yadi, na Walk-Away ni mjukuu wa sketi zile, wa bei ya chini. Mwaka huohuo wa 1952 lilipotoka, huku kwetu serikali ya kikoloni ya Kenya ilikuwa inaanzisha vikundi vya Maendeleo ya Wanawake, na ushonaji ulikuwa miongoni mwa mafunzo yake. Muongo uliofuata sketi ikapanda juu ya goti. Butterick ikauza pateni za Mary Quant wa London kwa wasichana waliotaka kujishonea mini. Na Oktoba 1968, hapa Dar es Salaam, Umoja wa Vijana wa TANU ukatangaza Operesheni Vijana, iliyoanza kutekelezwa tarehe 1 Januari 1969, dhidi ya mini, suruali za kubana na mengineyo. Anayekumbuka enzi za suruali za pekosi na bugaluu anajua mafundi walipata kazi pande zote mbili: ya kupunguza urefu na ya kuurudisha.

Tuende dukani. Maelezo ya bahasha ya kale yatakuomba kitambaa cha upana wa inchi 35 au 39, au 54 kikiwa cha sufu. Ukienda Mtaa wa Uhuru, Kariakoo, au Biashara Street ya Nairobi, kitenge kitakuwa na upana wa inchi 45 hivi na kitauzwa pisi ya yadi 6. Kwa Walk-Away pisi moja inatosha na ziada inabaki kwa utepe. Lakini mpangilio uliochorwa kwenye maelezo haukufai tena, kwa sababu upana umebadilika. Itakubidi utandaze vipande vyote sakafuni na kucheza navyo. Jambo la kuangalia sana ni michoro. Kitenge chenye maua au ndege waliosimama wima kina juu na chini, na kwenye sketi ya mwamvuli ndege hao watasimama mbele, watalala ubavuni. Chagua michoro isiyo na mwelekeo, madoa, miduara, vijani vidogo. Kanga nayo usiilazimishe. Pindo na jina vinaidai nguo iliyonyooka, na kwa mkato wa mduara utaishia kuvikatakata vyote viwili.

Pamba mpya iloweke, ianike, ipige pasi kabla ya kukata. Kitambaa kikisinyaa baada ya gauni kwisha, kiuno kinapanda mbavuni.

Kuhusu kulishona lenyewe, nina mambo mawili tu ya kusema, mengine maelezo yanatosha. La kwanza ni uzito. Sketi yote nzito iko nyuma, na ukilivaa inalivuta gauni zima kwa nyuma, hivyo shingo ya mbele inapanda kooni. Wengi walioshona toleo jipya wamelalamikia hilo, na pia kwamba sehemu ya juu imelegea kuliko picha inavyoonyesha. Dawa ni kukata shingo ya mbele chini kidogo zaidi kwenye karatasi, baada ya jaribio la merikani, na kuchagua kitambaa chepesi. Kitenge kile kizito chenye nta nyingi, kinachosimama chenyewe, kitapendeza kwenye picha na kukunyonga kwenye sherehe.

La pili ni pindo. Sketi iliyokatwa kwa mduara ina sehemu zinazofuata uzi wa kitambaa na sehemu zilizo mshazari, na zile za mshazari hurefuka zenyewe kwa uzito wake. Ukipinda siku hiyohiyo, baada ya wiki gauni litakuwa na mikia miwili. Litundike usiku kucha, mpaka kesho yake ikiwezekana. Halafu livae, mwombe mtu apige magoti na rula ndefu, apime kutoka sakafuni kwenda juu kwa umbali uleule kuzunguka pande zote, akitia alama kwa chaki. Kata ziada. Sasa tia utepe. Nilipomweleza fundi wangu habari ya kutundika usiku kucha alinitazama kwa huruma. "Hilo tunalijua, dada. Wateja ndio hawataki kusubiri."

Alikuwa pia na pingamizi la maana kuhusu vifungo. Bahasha inataka sehemu ya mbele ifungwe nyuma kiunoni kwa kishikizo kidogo. Yeye akaona kwamba mwanamke anayeketi na kuinuka kwenye daladala atakifungua bila kujua, akashauri kamba mbili za kufunga, zipite ndani. Hapo nilimsikiliza. Alipotaka kuweka zipu ubavuni nilikataa, kwa sababu gauni hilo likipata zipu linakuwa gauni lingine, na raha ya kushona kitu cha kale ni kukubali walau kwa sehemu ubishi wa aliyekibuni.

Pateni hizi zinapatikana kwa njia tatu. Kuna za asili, ambazo hupatikana zaidi Marekani na Uingereza kwenye minada na maduka ya vitu vya kale, na ukiwa na ndugu huko mweleze, maana bahasha ni nyepesi na haiongezi uzito kwenye begi. Zinazopendwa na wakusanyaji ni zile ambazo karatasi bado imekunjwa kwa mikunjo ya kiwandani, hazijawahi kufunguliwa. Wewe mshonaji huhitaji hizo. Nunua iliyokwisha kukatwa, mradi vipande vyote vimo. Vihesabu kwa kulinganisha na mchoro wa maelezo, hasa vile vidogo vya kola na vya ndani ya shingo, ambavyo ndivyo hupotea. Kuna matoleo mapya ya kampuni zenyewe, yenye saizi za leo lakini mikato iliyorekebishwa kimyakimya, si mara zote kwa uzuri. Na kuna nakala zilizosawiriwa kwa kompyuta, unazinunua mtandaoni na kuzichapa kwenye karatasi za A4 unazoziunganisha kwa gundi. Anayetaka kujua pateni yake ni ya mwaka gani anaweza kuilinganisha na hifadhi ya Chuo Kikuu cha Rhode Island, yenye maelfu kwa maelfu ya pateni za kibiashara, iliyokuzwa kwa miaka mingi na Joy Spanabel Emery, mtu aliyeandika historia kamili ya biashara hii.

Ukiipata ya asili, usiikate. Inyooshe kwa pasi kavu isiyo na moto mkali, iweke chini ya karatasi inayopitisha mwanga, kama ile ya kuokea, na unakili kila mstari na kila tundu. Marekebisho yote ya hipsi na kifua yafanye kwenye nakala. Andika juu yake jina la gauni, tarehe na vipimo vyako vya siku hiyo, kwa kuwa mwakani vitakuwa vingine.

Kwa anayeanza, nisingemshauri Walk-Away licha ya sifa zake. Aanze na gauni la katikati ya miaka ya 1960, lile lililonyooka kutoka begani na kufunguka kidogo kuelekea chini, lisilo na mshono wa kiuno. Vipande vikubwa ni viwili au vitatu, zipu moja mgongoni, mita 2 na nusu za kitenge. Kiuno hakibani, kwa hiyo hesabu inabaki ya kifua na hipsi peke yake, na mchoro mkubwa wa kitambaa unakaa mzima kifuani bila kukatwa. Fundi akikuuliza kama umeleta kitambaa cha bitana, mwambie pamba nyepesi itatosha, na mwambie pia kwamba karatasi unaondoka nayo.